Kitambaa cha dari la gari kinaning'inia: kubandika juu kwa juu au kutoa ubao wote?

Ziwa_Wagoni (Kisumu)

Wadau, hamjambo. Gari ni Volkswagen Passat ya 2002, wagoni, ina sanrufu (kile kidirisha cha paani kinachofunguka). Kitambaa cha dari kimeachana na ubao kuanzia nyuma ya taa ya ndani hadi mlango wa nyuma, na ukitazama kioo cha kati unaona kitambaa tu badala ya barabara. Ukikigusa, unga wa rangi ya chungwa unamwagika kwenye viti. Fundi mmoja anataka kudunga gundi kwa sindano, mwingine anasema dari lote litoke. Nani yuko sahihi? Na kama kazi itafanywa nyumbani na watu wawili, ninunue nini na kiasi gani?

FundiViti_Kondele

Ndugu, huo unga wa chungwa ndio jibu lako. Dari litoke.

Dari la gari lako lina tabaka tatu: ubao uliofinyangwa kwa umbo la bati, sponji nyembamba ya milimita 3 hadi 5, halafu kitambaa. Sponji na kitambaa huja vimeshaunganishwa kiwandani kama kitu kimoja, na upande wa sponji ndio unaobandikwa ubaoni. Watu hulaumu gundi, lakini ukikwaruza ubao utakuta gundi ya zamani bado imeng'ang'ania mabaki ya sponji. Kilichokufa ni sponji yenyewe. Ni poliurethani, na ikikaa miaka ishirini kati ya bati la moto na hewa yenye unyevu kama hii yetu ya ziwani, inavunjika hadi inakuwa kama vumbi la tofali. Ukidunga gundi hapo unabandika kitambaa kwenye vumbi. Kitashika siku chache, kisha kitashuka tena kikiwa na madoa magumu yasiyotoka. Pini na stepla ni vivyo hivyo: zinashika mahali zilipo, katikati panatumbukia.

Vitu vya kununua kwa wagoni:

Kitambaa maalumu cha dari chenye sponji nyuma, upana wa mita 1.5, urefu mita 3. Mita 2.5 inaweza kutosha, lakini ukikosea kukata huna pa kukimbilia, na ukirudi dukani roli nyingine huenda isilingane rangi. Gari dogo la kawaida ni mita 2. Sponji iwe ya milimita 3 au 4. Ya milimita 6 inaficha makovu ya ubao ila haiingii vizuri kwenye mabonde ya sanvaiza (vile vibao vya kukinga jua juu ya kioo cha mbele) na taa.

Gundi ya kontakti inayovumilia joto. Soma kwenye mkebe. Bati jeusi likipigwa jua la saa nane hupita nyuzi 70 za Selsiasi, kwa hiyo gundi iliyoandikwa mwisho nyuzi 60 iache hapo hapo kaunta. Ubao wako ni kama mita 1.2 kwa 2.3, yaani karibu mita 2.8 za mraba, na gundi inapakwa pande mbili. Nunua litri 2.

Brashi ya nailoni ngumu kiasi, barakoa ya vumbi, miwani, glavu, tepu, wembe mpya kadhaa, bisibisi, kifaa cha plastiki cha kung'olea klipu, na dazani moja ya klipu za akiba. Klipu za zamani zimekauka, zitavunjika hata ukiwa mpole.

Gundi nyeupe ya mbao usiiguse. Inalainika kwa unyevu.

Spana10_Kakamega

Kabla hajafungua hata skrubu moja, hilo gari lina sanrufu na linakaa sehemu ya mvua. Aangalie kwanza kama dari linavuja. Doa la rangi ya chai kwenye kona, au ubao uliolegea ukiubonyeza kwa kidole, ni maji. Ukibandika kitambaa kipya chini ya uvujaji, doa litarudi msimu huo huo.

Fremu ya sanrufu ina mirija ya kutolea maji kwenye kona, miwili mbele na mara nyingi miwili nyuma. Mimina maji nusu kikombe kwenye kila kona taratibu. Yanapaswa kudondoka chini ya gari ndani ya sekunde chache. Yakikaa kama bakuli, mrija umeziba kwa vumbi na majani. Usipulize kwa kompresa ya watu wa pancha: mrija unachomoka kwenye kiungo chake ndani ya nguzo, na kuanzia hapo maji yote yanaingia kwenye zulia. Chukua mshipi wa kuvulia, ule mnene wa nailoni, yeyusha ncha kidogo iwe na kichwa cha mviringo kisichotoboa, usukume polepole huku ukizungusha. Kisumu mshipi haukosekani.

Angalia pia mpira wa antena kwenye paa na boliti za reli za mizigo. Hizo ni njia mbili za maji ambazo watu husahau.

Ziwa_Wagoni

Asanteni sana. Kona ya mbele kushoto maji yamesimama, kwa hiyo mshipi unahusika. Swali: naona nguzo za pembeni zimeandikwa AIRBAG. Hiyo inabadilisha nini?

Spana10_Kakamega

Inabadilisha mwanzo wa kazi. Eabegi ya pazia imekunjwa juu ya milango, kati ya bati na ukingo wa ubao. Zima gari, toa ufunguo, fungua kichwa hasi cha betri kwa spana namba 10, halafu subiri dakika 10 ili umeme uliobaki kwenye mfumo uishe. Usiwashe swichi tena mpaka kila plagi iwe imerudi mahali pake, la sivyo taa ya eabegi itawaka na itabidi ifutwe kwa mashine ya kusomea hitilafu.

Plastiki za nguzo zenye eabegi hushikwa na klipu maalumu, nyingine zina kamba ya kuzuia plastiki isiruke eabegi ikifunguka. Klipu hizo zikivunjika zibadilishe kwa zile zile, usiweke za kubahatisha. Na wakati wa kurudisha, ukingo wa kitambaa usigundishwe kwenye nguzo wala kwenye mfuko wa eabegi. Ule ukingo lazima uweze kupinda ili eabegi ipite. Kuna watu hufunika plastiki za nguzo kwa kitambaa kile kile ili rangi ilingane. Kwenye nguzo zenye eabegi, acha plastiki ilivyo.

FundiViti_Kondele

Sahihi kabisa. Sasa kutoa ubao.

Anza na sanvaiza na vile vishikio vyake vidogo, kisha mikono ya kushikia juu ya milango (skrubu ziko chini ya vifuniko vya plastiki, vifungue kwa ncha ya bisibisi iliyofungwa tepu), taa za ndani mbele na nyuma, ukingo wa mpira unaozunguka tundu la sanrufu, raba za milango, halafu plastiki za nguzo kutoka mbele kwenda nyuma. Piga picha kila plagi kabla ya kuichomoa. Skrubu ziweke kwenye vifuko tofauti, maana za sanvaiza na za mikono zinafanana kwa macho lakini urefu si mmoja.

Laza viti vya mbele, toa vilaza kichwa, kunja viti vya nyuma. Mmoja ashike ubao mbele, mwingine nyuma, ushuke sawia, utoke kwa mlango wa nyuma. Usiukunje hata kidogo. Ubao ni nyuzi zilizoshindiliwa na gundi ngumu, na penye tundu la sanrufu mbavu zake ni nyembamba kama viganja viwili. Hapo ndipo huvunjika. Ukivunjika, ziba kwa upande wa juu, ule usioonekana, kwa ukanda wa faibaglasi na rezini yake. Uache ukauke ukiwa umelala kwenye umbo lake, si umeegemezwa ukutani.

Sasa usafi. Hapa ndipo kazi inapofaulu au kufa, na ndipo mafundi wengi huiba muda. Vua kitambaa, kitatoka kama ganda la ndizi, kisha sugua sponji yote kwa brashi ya nailoni. Brashi ya waya inachana nyuzi za ubao. Fanya nje, upepo ukiwa nyuma yako, umevaa barakoa na mikono mirefu, maana nyuzi za faibaglasi zinawasha siku nzima. Maji usitumie, ubao utavimba. Ukidhani umemaliza, pitisha kiganja mara moja, kiangalie. Kikiwa na rangi ya chungwa, rudia. Kisha bandika kipande cha tepu ubaoni na ukibandue: kikitoka na unga, rudia tena. Saa mbili za kusugua kwa wagoni ni kawaida.

Baada ya hapo pakaza gundi nyepesi sana ubao mzima, iache ikauke kabisa nusu saa. Hiyo inafunga vumbi lililobaki ndani ya vinyweleo. Ndipo uanze kubandika.

Dada_Milimani

Shukrani kwa maelezo, mafundi. Na sisi wenye magari mafupi yasiyo na mlango mkubwa nyuma? Yangu ni BMW E46 ya milango minne, dari limeshuka juu ya kiti cha nyuma.

FundiViti_Kondele

Dada, ubao unatoka kwa mlango wa mbele wa abiria. Kiti cha abiria kilazwe hadi mwisho, vilaza kichwa vitoke. Zuia magurudumu kwa mawe, vuta breki ya mkono, ndipo ushushe mkono wa gia chini usikwaruze. Ubao uzungushwe kidogo, kona ya mbele itangulie kutoka, huku mwenzio aliye ndani akisukuma nyuma. Ukikwama usilazimishe, tafuta klipu uliyoisahau. Kwa kawaida ni ile ya katikati nyuma, karibu na kioo.

SindanoNene_Nakuru

Nimesoma yote, nakubaliana na karibu kila kitu isipokuwa hii ya kuacha suala la gundi kwenye litri na kupita. Namna ya kuipaka ni muhimu kama aina yake.

Kontakti ukiipaka kwa brashi ya rangi inaacha mistari minene. Kitambaa cha dari ni chembamba, na jua likikilalia kwa pembeni mistari yote inaonekana, kama matuta ya shamba. Tena penye gundi nyingi thina yake inalowesha sponji, sponji inajikunja, gundi inapenya hadi upande wa kitambaa, na doa hilo halitoki. Mimi nasema ipulizwe. Bunduki ya kupuliza rangi yenye tundu la milimita 1.8 hadi 2, hewa kidogo, psi 30 hadi 40, gundi iliyolegezwa kwa thina yake yenyewe mpaka itiririke kwenye kijiti bila kukatika. Kama huna kompresa, makopo ya kupuliza ya gundi ya dari, yale yaliyoandikwa wazi kuwa ni ya joto la juu. Kwa wagoni, makopo 4 ya mililita 500. Yale ya kubandikia mabango hayafai, jua la kwanza tu yanaachia.

Kubandika: tandaza kitambaa kikavu juu ya ubao, ubao ukiwa juu ya meza au madumu manne, kitambaa kizidi sentimita 6 kila upande. Hakikisha manyoya yake yanalalia upande mmoja, mbele kwenda nyuma. Kunja nusu ya mbele kurudi nyuma, puliza ubao na puliza sponji, tabaka mbili nyepesi kila upande. Subiri. Dakika 5 hadi 10, lakini saa isikudanganye, jaribu kwa kifundo cha kidole: kinanata, kikitoka hakina gundi. Kabla ya hapo mvuke wa thina utafungiwa ndani na utaleta mapovu.

Kisha laza kitambaa polepole kuanzia mstari wa katikati kwenda mbele na pembeni, kwa kiganja kilicho wazi. Ukifika kwenye bonde, kwa mfano mahali pa sanvaiza, shuka kwanza hadi sakafu ya bonde kwa ncha za vidole, kisha panda kingo. Ukivuta kitambaa kipite juu ya bonde halafu ukakibonyeza baadaye, kitakaa leo, na wiki ya pili joto litakivuta juu kama ngozi ya ngoma. Hilo ndilo kosa ninaloliona zaidi kwenye magari yanayoletwa kurudiwa.

Usitumie rola ya kushindilia. Sponji ikibonyea gundi ikiwa mbichi, inabaki imebonyea.

Nusu ya nyuma vivyo hivyo. Kingo zikunjwe sentimita 2 au 3 upande wa juu wa ubao na zigundishwe. Matundu kata mwisho kabisa: toboa katikati, kata nyota kuelekea kingo lakini ishia milimita 5 kabla ya ukingo, kunja ncha nyuma. Kwa sanrufu kunja yote sentimita 3 kuzunguka, na kwenye kona kata mshazari usiofika ukingoni.

FundiViti_Kondele

Ndugu wa Nakuru, kwenye brashi tuko pamoja, sikusema gundi ipakwe kwa brashi. Lakini si kila mtu ana kompresa, na kontakti ya mkebe ni imara kuliko makopo mengi ya kupuliza. Tumia rola ndogo ya sponji, ya inchi 4. Kwenye ubao paka tabaka kamili. Kwenye sponji ya kitambaa, kamua rola kwanza iwe karibu kavu, pitisha upande mmoja tu bila kurudi rudi. Haipenyi, na mistari haionekani. Kwa joto la Kisumu mimi bado naiamini hiyo.

SindanoNene_Nakuru

Rola kavu, sawa, hiyo inaweza kukubalika kwenye ubao. Kwenye sponji bado ningepuliza. Wadau wajaribu kwenye kipande cha mabaki kwanza, wakiangalie kwa upande wa kitambaa baada ya nusu saa, ndipo waamue.

Spana10_Kakamega

Ongezeni hali ya hewa, maana huku na Nakuru si sawa. Thina ikiruka inapoza gundi, na hewa ikiwa na unyevu mwingi, umande unatua juu ya gundi. Utaiona imekuwa na ukungu mweupe. Gundi ya namna hiyo haishiki hata kama inanata kidoleni. Kisumu na Kakamega bandika kati ya saa tatu na saa sita asubuhi, kabla mawingu ya alasiri hayajajikusanya. Ukiona ukungu, acha ikauke hadi ukungu uishe, kisha paka tabaka moja nyepesi tena.

Na moto. Mvuke wa kontakti ni mzito kuliko hewa, unatambaa chini. Kwenye vibanda vya jua kali jirani anachomelea vyuma mita chache kutoka hapo, mwingine ana jiko la chai. Paka gundi mbali na hapo, mahali penye hewa. Ndani ya gari usipake gundi kabisa.

SindanoNene_Nakuru

Kweli. Huku Nakuru tatizo letu ni vumbi, hasa miezi ya kiangazi mwanzoni mwa mwaka. Chembe moja chini ya kitambaa inaonekana kama kipele. Nyunyiza maji sakafuni nusu saa kabla. Na asubuhi kukiwa baridi, ile dakika 5 inakuwa 15.

Ziwa_Wagoni

Dukani Kibuye nimeonyeshwa sponji nyembamba peke yake na kitambaa cha kawaida peke yake, nikaambiwa nivibandike mwenyewe ni rahisi zaidi. Inafaa?

FundiViti_Kondele

Hapana. Kiwandani sponji na kitambaa huunganishwa kwa kuyeyusha uso wa sponji kwa moto, hakuna gundi katikati. Ukibandika mwenyewe una tabaka mbili za gundi, kitambaa kinakuwa kigumu na hakipindi kwenye mabonde. Hicho kitambaa cha kawaida cha viti pia hakivutiki. Jaribu hivi dukani: shika sentimita 10 za kitambaa uvute, kifike 11 au 12 na kirudi. Kisichovutika kitaacha mikunjo kwenye kila kona.

Kagua na sponji. Isugue kwa dole gumba: ikitoa chembe, roli imekaa sana. Ikunje uibane ukihesabu hadi kumi, uachie, isipoinuka, iache. Roli zinazokaa juani mlangoni mwa duka huwa zimegeuka njano ukingoni, na ukinunua hiyo umenunua tatizo la miaka michache ijayo.

Mulembe_Klasiki (Bungoma)

Kwa faida ya wenye magari ya zamani zaidi: haya yote ni ya dari la ubao. Volkswagen Beetle na magari mengi ya miaka ya 1960 na 1970 hayana ubao. Kitambaa au plastiki laini inaning'inizwa kwenye vyuma vyembamba vilivyopinda kama upinde, vimepitishwa kwenye mifuko iliyoshonwa, na kingo zinagundishwa kuzunguka madirisha. Hapo likishuka, ama mshono wa mfuko umeoza au chuma kimechomoka kwenye tundu lake.

Vyuma havilingani urefu wala mpindo. Viandike namba kwa tepu kuanzia mbele, na uandike kila kimoja kilikuwa tundu lipi kama kuna matundu mawili. Dari la zamani usilitupe: fungua mishono yake ulitumie kama kipimo cha kukatia jipya, ukiongeza sentimita 5 pembeni. Vioo vya mbele na nyuma lazima vitoke kwa sababu kitambaa kinaingia chini ya raba zake. Nyosha kutoka katikati mbele na nyuma kwanza, pembeni baadaye, ukishika kwa vibanio vya nguo kabla ya gundi. Mikunjo midogo ya plastiki huisha gari likikaa juani siku moja, kwa hiyo usivute mpaka uchane.

Ziwa_Wagoni

Ubao umetoka, sponji imesuguliwa, tepu inatoka safi. Nusu ya mbele imelala vizuri. Nusu ya nyuma kuna povu moja la ukubwa wa sarafu ya shilingi kumi, karibu na taa. Nibandue?

SindanoNene_Nakuru

Usibandue, sponji itachanika. Ngoja hadi kesho, mvuke mwingine huisha wenyewe. Likibaki, toboa kwa sindano nyembamba ya kushonea, ingiza kwa mshazari ili tundu lisionekane, bonyeza hewa itoke. Likiinuka tena maana yake hapo gundi haikufika. Chukua bomba la sindano la mililita 1, weka matone mawili matatu ya gundi iliyolegezwa, ingiza hadi kwenye ubao, subiri dakika 5, bonyeza kwa kiganja. Hapa sindano inafaa kwa kuwa sponji ni mpya na ina kitu cha kushika. Kwenye sponji iliyogeuka unga isingesaidia.

FundiViti_Kondele

Na ubao usirudishwe garini kabla ya saa 24, ukae kivulini ukiwa umelala. Ukiurudisha, funga skrubu za mikono na sanvaiza zote kwa kulegea kwanza, sogeza ubao mpaka matundu yalingane, ndipo ukaze. Ukikaza moja moja hadi mwisho, ya mwisho haitapata tundu lake na utapasua ubao.

Ziwa_Wagoni

Povu limetobolewa, halikurudi. Ubao uko sebuleni juu ya meza hadi kesho saa nne. Mrija wa mbele kushoto sasa unatoa maji, kulikuwa na donge la vumbi na jani la mwarobaini.